Koti la Mwenyekiti

Inspekta Helena Nangumbi hakuketi katika kiti cha marehemu. Alikizunguka, akakitazama kwa nyuma na kwa mbele, kisha akavuta kigoda kilichokuwa ukutani akaketia hicho, mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyeambiwa amsubiri mwenye nyumba. Mwenye nyumba hakuwa wa kurudi. Profesa Haruna Mbonde, mchumi aliyefundisha chuo kikuu, akahamia Benki Kuu, kisha akamalizia utumishi wake katika kuongoza bodi za makampuni, alifariki Jumatatu mchana katika baraza hiyo hiyo ya nyumba yake ya Kilwa Masoko. Jumanne alizikwa kijijini kwao, upande wa Kipatimu. Sasa ilikuwa Alhamisi.

Sajini Dadi wa kituo cha Kilwa alisimama kizingitini, akaeleza yaliyokuwa yamekwisha kufanyika. Daktari aliyeitwa siku ile aliusikiliza moyo uliokwisha kusimama, akaandika kwamba umesimama, akaenda zake. Hakuna aliyetia shaka mpaka jioni ya maziko, watu walipoanza kushikwa na tumbo la kuendesha kule matangani. Aliyesimamia vyungu vya matanga ni Mwanaidi, mpwa wa marehemu mke wa Profesa, ambaye ndiye pia aliyempikia na kumtunza mzee huyo tangu alipostaafu. Tena ikafahamika kwamba Profesa alikuwa ameusia Mwanaidi aachiwe nyumba. Bi Esha, dada wa marehemu, alipoyaweka mambo hayo mawili pamoja, hakulala. Asubuhi alikuwa kituoni, na kabla ya adhuhuri Mwanaidi alikuwa rumande.

"Jumatatu anapandishwa kizimbani, Afande," Dadi alimaliza. "Kwa kosa la kuua. Mji mzima umekwisha kumhukumu. Wanawe wawili wamepelekwa kwa jirani."

"Na chakula cha Jumatatu mchana, alichompikia mzee, kilikwenda wapi?"

"Hakikuguswa. Kilikutwa mezani kimefunikwa kawa. Jirani aliwamwagia kuku wake."

"Kuku hao wana hali gani?"

Dadi alitazama uani, ambako majogoo wawili walikuwa wakigombea kivuli. "Wazima, Afande. Tena wana kelele."

Helena akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa uwanda wa Wamakonde, mwenye sauti ya chini ambayo ilimlazimu msikilizaji anyamaze ili asikie. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuondoka kwa kuku. Kando ya kiti cha wageni palikuwa na chungu cha asumini, na juu ya ukingo wake sisimizi walikuwa wakipanda na kushuka kwa mstari mmoja, mwembamba, usiokatika. Aliwatazama kwa muda.

"Kuna kitu chochote kilichopotea humu ndani?"

Dadi alijibu kwamba swali hilo waliwauliza jamaa wote, na wote wakasema hakuna. Kisha akaongeza jambo ambalo yeye mwenyewe hakulipa uzito. Daktari Klementi Mtipa, msomi wa uchumi wala si tabibu, makamu mwenyekiti wa bodi ya Chumvi Mwambao ambayo Profesa alikuwa mwenyekiti wake, alipita nyumbani Jumatano akaliomba koti la marehemu, awe nalo kwa ukumbusho. Walilitafuta wasilione.

"Koti la suti? Kwa joto hili la Kilwa?"

"Alikuwa na desturi hiyo. Hata akizungumza na wakubwa kwa simu, alilivaa kwanza."

"Basi kimepotea kitu, Sajini," alisema Helena. "Na watu wote wamekuambia hakuna."

*

Mwanaidi aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Aliamkia, akaitikiwa, akakaa ukingoni mwa benchi. Hakulia wala hakulalamika. Alichouliza kabla ya kuulizwa ni kama wanawe wamepata mtu wa kuwapeleka madrasa. Dadi alimjibu kwamba wamepata.

Helena alimtaka asimulie siku ya Jumatatu tangu alipoamka, asiruke kitu, hata kile anachokiona cha kipuuzi. Mwanaidi alisimulia kwa mpangilio, kama mtu aliyekwisha kuipitia siku hiyo mara nyingi kichwani. Mzee aliamka vizuri. Chakula cha mchana kilipokuwa tayari alijidunga mwenyewe sindano yake ya ugonjwa wa sukari, maana ndivyo alivyofanya kila siku, ajidunge kisha ale. Kabla hajanawa mikono, mgeni akabisha hodi. Alikuwa Daktari Klementi. Mgeni akasema wana jambo la bodi lisilongoja, walizungumze kwanza. Mzee akaagiza aletewe koti.

"Nani alimvisha?"

"Mgeni. Alilipokea mikononi mwangu akasema, 'Mwachie mwanafunzi amvishe mwalimu wake.' Mzee alicheka. Mgeni akalikung'uta kwanza, akampa kisogo mzee, akalinyoosha nyoosha pale karibu na maua, kisha akamvisha kama mtoto amvishavyo baba yake."

"Halafu?"

"Halafu mgeni akasema anatamani samaki, changu wa leo leo, si wa barafu. Mzee akanituma sokoni. Nilisema, 'Baba, chakula kitapoa.' Akasema nikifunike." Aliutazama mkono wake. "Niliporudi mgeni ameondoka. Mzee yuko kitini. Shati limelowa jasho kama aliyemwagiwa maji, na koti mwilini."

Helena aliinua kichwa. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa sukari, na jasho la namna ile alilijua. Mtu aliyejidunga sindano asile, sukari yake hushuka, na ikishuka mno, jasho hutangulia, kisha mikono hutetemeka, kisha akili hupotea.

"Alikuwa na dawa yoyote ya kumkinga na hali hiyo?"

"Peremende, Afande. Nilikuwa nikimnunulia hapa hapa dukani, zile za maziwa, namtilia mfuko wa kulia wa koti. Mfuko huo sikuuacha mtupu hata siku moja." Aliinua uso akamtazama Helena. "Jumapili niliujaza."

*

Daktari Klementi Mtipa alikuwa amepanga nyumba ya wageni iliyoelekea bandarini, chumba cha juu, chenye meza ya kuandikia. Alimpokea Inspekta kwa heshima zote, akamvutia kiti, akaagiza maji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, nadhifu, mwenye kusema polepole na kuyachagua maneno kana kwamba kuna mtu anayeyanukuu.

Alieleza bila kuulizwa kwamba Jumatatu alikaa na Profesa kwa kitambo kifupi tu, akamwacha mzima, akaondoka ili mzee apate kula. Alisikitika kwamba binti wa nyumbani hakuwapo karibu. Kuhusu binti huyo hakutaka kumsema vibaya, akasema, ila nyumba ni kitu kikubwa kwa mtu asiye na kitu.

Helena hakuandika neno. Alisema kwamba habari za kifo amekwisha kuzisikia za kutosha, na kwamba linalomsumbua ni kuwa hamjui marehemu. Je, Daktari angemweleza mtu mwenyewe, alikuwa nani?

Swali hilo lilimpendeza Klementi. Alikaa vizuri, akaanza mwanzo. Alisimulia habari za mtoto wa wakulima wa milima ya Umatumbi aliyepata nafasi ya masomo, akarudi na shahada ya uchumi, akawa mhadhiri. Darasani alikuwa hatazami karatasi. Aliandika ubaoni bei ya unga wa Kariakoo na bei ya korosho ya Lindi, akawaambia wanafunzi waieleze nchi kwa namba hizo mbili tu. Klementi mwenyewe aliketi mstari wa mbele. Profesa alipoitwa Benki Kuu kuongoza utafiti, alimchukua kijana huyo akaenda naye. Huko alisifika kwa ubishi wa kistaarabu, maana aliweza kuwazuia wakubwa wasitoke kikaoni mpaka waelewe kwa nini riba haipandishwi kwa kuwa fulani amekasirika. Alipostaafu, makampuni yakamgombania. Alikalia bodi ya bima, kisha ya saruji, na mwisho ya Chumvi Mwambao, aliyoipenda kuliko zote kwa kuwa mashamba yake ya chumvi yalikuwa karibu na kwao.

"Na koti?" aliuliza Helena. "Nasikia alikuwa nalo hata nyumbani."

Klementi alitabasamu. "Hilo ni la Benki. Alisema uamuzi unaotolewa bila koti ni maoni tu."

"Bila shaka wapo wengi wanaojidai kuwa walikuwa karibu naye."

"Wengi. Lakini niulize mimi, Inspekta, nani aliyemwokoa." Alisogea mbele. "Tulikuwa kikaoni, kikao kirefu, chakula kimecheleweshwa. Profesa anazungumza, mara maneno yanaanza kumpotea. Mikono inatetemeka, jasho linamtiririka. Wakubwa wote wanamkodolea macho, hakuna anayejua la kufanya. Mimi nilijua. Nilitia mkono katika mfuko wa koti lake, wa kulia, nikatoa peremende, nikamtilia kinywani. Haukupita muda, akafungua macho, akaendelea na sentensi pale pale alipoiachia. Tangu siku ile aliuita mfuko ule akiba ya dharura. Alisema nchi haikai bila akiba ya fedha za kigeni, na yeye hakai bila peremende."

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika kabla ya wakati wake. Alinyanyua bilauri ya maji akanywa, akaiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

Helena alimshukuru. Akiwa amesimama mlangoni aliuliza, kama anayeulizia njia, bodi hiyo ya chumvi ilikuwa na jambo gani lisilongoja. Klementi alimweleza kwa kifupi. Kulikuwa na mnunuzi wa mashamba yote, wajumbe waligawanyika nusu kwa nusu, na kura ya mwenyekiti ndiyo ingeamua. Profesa alikuwa anapinga. Jumatatu ijayo bodi ingekutana hapo hapo Masoko.

"Nani atakalia kiti?"

"Kwa kanuni," alisema Daktari Klementi, "makamu."

*

Barabara ya Kipatimu huiacha ile kuu mahali paitwapo Njia Nne, na toka hapo gari la polisi lilipanda na kuyumba mpaka Dadi akaacha kuzungumza ili asijing'ate ulimi. Dadi alikuwa Mmatumbi, na kadiri vilima vilivyokaribia ndivyo alivyozidi kusalimiwa barabarani.

Bi Esha aliwapokea uani kwake, amekaa mkekani, uso mkavu. Helena, ingawa alikuwa na cheo na sare, alipiga goti akamwamkia shikamoo kabla ya kusema jina lake. Bi Esha akaitika marahaba, akamwonyesha mahali pa kukaa, lakini moyo wake haukulegea. Alirudia aliyoyasema kituoni. Kaka yake aliuawa na yule yule aliyekuwa akimlisha, na alipomaliza akaja kuwalisha waombolezaji.

"Wewe mwenyewe ulikula chakula hicho, Bibi?"

"Nilikula. Wali na maharage."

"Ulishikwa na tumbo?"

"Sikushikwa."

"Shehe aliyezikisha?"

"Hakushikwa."

Helena aliomba atajiwe walioshikwa. Bi Esha aliwataja kwa shida mwanzoni, kisha kwa urahisi, na majirani waliokuwa uani wakamsaidia. Walikuwa watoto, tena wengi. Vijana wa kiume waliochimba kaburi. Mama mmoja mcheshi ambaye hakosi penye kicheko. Yaani wote walikula chakula kile kile walichokula wazee, lakini wazee walikuwa wazima.

"Walikuwa wamekaa wapi hao?"

"Huko," jirani mmoja alionyesha mkorosho ulio ukingoni mwa uwanja. "Kwa watani."

Helena akafumba macho kidogo, akayafumbua. Alimgeukia Dadi, akamkuta Dadi naye amemgeukia, mdomo wazi. Mtani msibani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha marehemu na kukifanyia mzaha mpaka kikombolewe, wala hakuna anayeuita wizi.

"Bibi," alisema Helena kwa sauti ile ile ya chini, "siulizi kilichoibiwa. Nauliza, mtani alichukua nini?"

Bi Esha alimtazama kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza uso wake ukafanana na uso wa mtu anayeweza kucheka. "Ah, mwanangu. Hilo nalo ni la kuulizwa na polisi? Alichukua koti, lile marehemu aliloletwa nalo. Koti na miwani. Mngoni yule hana adabu, na siku ile alitukosesha hata kulia. Koti bado liko kwake, sijalikomboa."

Kwa hiyo walimfuata Cletus Ngonyani, seremala wa misheni. Aliletwa Kipatimu na mapadri kutoka Songea akiwa kijana, akaoa huko huko, akazeeka huko huko, na tangu siku ya kwanza akawa mtani wa wilaya nzima. Walimkuta karakanani akipiga randa ubao wa kabati. Macho yake yalipita kwa Inspekta yakatua kwa Dadi.

"Mmatumbi amevaa sare," alisema. "Nani amemfungia vifungo?"

Dadi alijibu kwamba vifungo alifungiwa na mtumwa wake Mngoni, na kwamba sasa amekuja kumdai alichomwibia. Cletus akafurahi, akaweka randa chini. Helena aliwaacha wamalizane, maana alijua kwamba utani ukikatizwa katikati hauzai maneno. Walipomaliza, aliomba asimuliwe maziko.

Cletus alisimulia kwa mikono na miguu. Alilivaa koti na miwani, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akawatangazia waombolezaji kwamba yeye ndiye Profesa Mbonde, amerudi kwa dharura kwa kuwa huko alikokwenda amekuta mfumuko wa bei ya sanda. Akawaambia Wamatumbi kwamba alisomea uchumi hadi ng'ambo, akarudi asijue kupanda hata shina la muhogo. Akawataka wapige kura, nani alie na nani anyamaze. Watu walicheka mpaka kaburi likaisha kufukiwa. Mwisho alitia mkono mfukoni akakuta peremende tele. Akatangaza kwamba kampuni imepata faida, na kila mwanahisa apokee gawio lake. Watoto walikuja mbio, vijana wakafuata, wengine wakarudi mara mbili na mara tatu.

"Kuna mtu yeyote aliyekuuliza habari za peremende hizo?"

"Nani aulize? Walituuliza tumekula nini matangani. Tukasema wali na maharage. Kilichotoka mkononi mwa mtani si chakula, mama. Ni mchezo."

Koti lilikuwa limetundikwa msumarini, la kijivu, limefifia mabegani. Helena alivaa glavu akatia mkono katika mfuko wa kulia. Peremende chache zilikuwa zimesalia ndani, karatasi zake nyeupe zenye maandishi ya kigeni, si zile za maziwa za duka la Masoko. Chini kabisa, kwenye mshono, aliyakuta maganda matupu yaliyosokotwa sokotwa na vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Dadi aliyatazama, akageuza uso.

Juu ya meza ya seremala palikuwa na ganda la muwa na peremende moja iliyofunguliwa, nyeupe, ambayo Cletus aliionja Jumanne akaitema kwa kuwa haikumpendeza. Ganda la muwa lilikuwa jeusi kwa sisimizi. Peremende ilikuwa shibri moja tu kutoka hapo, safi, kama kokoto.

Helena aliinama akaitazama kwa muda mrefu.

"Ina ladha gani?" aliuliza.

"Tamu," alisema Cletus. "Lakini tamu ya uongo."

Hakukubali kulitoa koti bure. Alisema serikali yaweza kumfunga ikitaka, lakini koti la Mmatumbi hukombolewa na Mmatumbi. Dadi alikwenda kijijini akarudi na kuku mtetea amemshika miguu, akamkabidhi mbele ya mashahidi, na mambo yakawa halali.

*

Jumamosi asubuhi Daktari Klementi aliitwa katika baraza ya Profesa ili atie sahihi maelezo yake. Alikuja amevaa suti. Alilivua koti lake, akalitundika mgongoni mwa kiti cha wageni, akaketi pale pale alipokuwa ameketi siku ile, kando ya chungu cha asumini. Kiti cha marehemu kilikuwa kitupu mbele yake. Helena alikuwa juu ya kigoda chake. Bi Esha, aliyeomba mwenyewe aletwe, alikuwa mlangoni kwa ndani, amejitanda.

Juu ya meza ndogo palikuwa na visahani viwili, na katika kila kimoja peremende moja iliyomenywa. Sisimizi walikuwa wamekwisha kukijaza kisahani kimoja. Njiani walikuwa wakikipita cha pili kama wanavyokipita kijiko.

Klementi aliviona.

"Hii," alisema Helena, akionyesha kile chenye sisimizi, "tumeifukua jana katika chungu hicho cha maua, pamoja na nyingine za kujaza kiganja. Ni za Mwanaidi, za duka la hapa. Hii nyingine imetoka katika koti la Profesa. Daktari wa wilaya ameisoma karatasi yake. Haina sukari hata chembe. Akaniambia pia kwamba mtu asiyezizoea akila nyingi, humwendesha tumbo. Waombolezaji hawakulishwa sumu. Walilishwa gawio."

Klementi alipozungumza, sauti yake ilikuwa imetulia, tena ya huruma.

"Sitaficha. Nilimletea mimi. Nilizinunua safarini, nikaona zitamfaa. Mgonjwa wa sukari atalambaje sukari, Inspekta? Nilizitoa zile mbovu nikamtilia hizi nzuri. Ikiwa ni kosa, ni kosa la upendo. Mimi si tabibu."

Mlangoni Bi Esha alijongea. Helena aliinua kiganja kidogo tu, naye akatulia.

"Maneno hayo yangesemwa na mtu yeyote asiyejua," alisema Helena, "na mimi ningeyaamini. Wako watoto wanaowanyima wazazi wao peremende kwa mapenzi hayo hayo, kwa kutojua tu. Lakini Alhamisi uliniambia habari za kikao kimoja cha Benki. Wakubwa wote walikodoa macho, hakuna aliyejua la kufanya. Wewe ulijua. Ulitia mkono katika mfuko wa kulia."

Klementi alifungua kinywa.

"Wewe mwenyewe ndiye uliyemtilia kinywani," Helena aliendelea, polepole. "Kwa hiyo ulijua sukari ile ilikuwa ya nini. Ulimkuta amejidunga, ukakichelewesha chakula kwa mazungumzo. Ukampeleka binti sokoni kwa changu ambaye hukumngoja. Kisha ukaondoka, ukamwachia koti."

Upepo wa bahari ulipita barazani ukaitikisa asumini. Klementi alikuwa akikitazama kiti kitupu. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya mtu mwingine, kijana zaidi.

"Alizila?"

"Alizila. Moja baada ya nyingine. Maganda yamo mfukoni." Helena naye alikitazama kiti. "Nadhani aliendelea kuamini kwamba inayofuata itafanya kazi. Alikuwa amevishwa na mwanafunzi wake."

Bi Esha alitoka mlangoni, akapita mbele ya wote bila kumtazama Klementi, akamwendea Dadi. Alimwambia kwa ufupi kwamba anataka kupelekwa kituoni sasa hivi, kabla ya kitu kingine chochote. Yeye ndiye aliyemtia Mwanaidi mahali pale kwa kinywa chake, na yeye ndiye atakayekwenda kumtoa kwa miguu yake. Tena njiani wapite kwa jirani, wawachukue watoto.

Helena alipiga simu kituoni. "Mwanaidi afunguliwe," alisema. "Msimpe gari. Shangazi yake anakuja kumchukua."

Daktari Klementi aliinuka bila kuambiwa. Alijikung'uta suruali, akanyoosha mkono kuelekea mgongoni mwa kiti, kwa mazoea ya miaka mingi ya vikao. Dadi alikuwa amekwisha kulichukua koti. Akamshikia, mabega ya koti wazi, kwa adabu, kama kijana mbele ya mkubwa wake, naye Klementi akatia mkono mmoja, kisha wa pili, asijue la kufanya zaidi ya hilo. Dadi akamnyooshea kola na kumvisha vizuri, baada ya kuipekua mifuko yote.